Mtu wa Kumi

Ndugu zangu waajiri wadogo wa Morogoro, nanyi mnaofanya kazi kwetu, na wazazi wenye vijana waliomaliza VETA wakarudi nyumbani kuweka vyeti kabatini:

Karakana yangu iko Kihonda. Tunatengeneza vitanda, makabati na makochi. Mafundi wako tisa, mimi sijihesabu. Mwaka jana alikuja binti mmoja kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu. Wiki ya kwanza mafundi walimpa ufagio azoe maranda. Wiki ya tatu alivisha kochi la pembe kitambaa chenye mistari, mistari yote ikakutana kwenye mshono, na mteja akauliza ni mkono wa nani. Siku yake ya mwisho alinijia kwa adabu: "Shikamoo mzee. Nafasi haipo?"

Nafasi ilikuwepo, na oda zilikuwepo. Nilimwambia asubiri kidogo, nikaenda nyumbani nikakaa na kalamu.

Hesabu ile naileta kwenu kama ilivyo, kwa sababu ndiyo iliyoufanya umoja wetu wa waajiri wadogo uchukue msimamo tunaotaka mtuunge mkono. Tuseme kila fundi analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa huyo binti ningeongeza asilimia 10 ya NSSF, yaani 40,000, na nusu asilimia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani 2,000. Hizo sina ugomvi nazo. Ya kwanza ni uzee wake, ya pili ni kidole chake siku msumeno ukiteleza. Kisha inakuja Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, hii tunayoiita SDL. Mwenye wafanyakazi tisa halipi hata senti. Akimwajiri wa kumi, anadaiwa asilimia 3.5 ya mishahara yote, si ya huyo aliyeingia tu. Mafundi kumi ni shilingi 4,000,000. SDL yake ni 140,000 kila mwezi, na inatakiwa iwe imelipwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, mteja awe amekulipa au bado anakupiga kalenda.

Kwa hiyo yule binti, ambaye angepokea mshahara wa 400,000 kama wenzake, angenigharimu 582,000. Katika hizo, 140,000 asingeziona kwenye mshahara, asingezikuta NSSF akizeeka, wala zisingemtibu akiumia. Kwa mwaka ni 1,680,000. Sikumwajiri. Na kinachonikera hadi leo ni kwamba tozo yenyewe iliwekwa ili vijana kama yeye wafundishwe kazi. Tulichangishwa ili afundishwe ufundi, akafundishwa vizuri kweli, halafu mchango uleule ukamfungia mlango.

Msinielewe vibaya. Mafundi wangu watatu wametoka VETA, na siwezi kusimama mbele yao niseme mafunzo ya ufundi yajilipie yenyewe. Tangu sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi ya mwaka 1994, mwajiri kuchangia ni jambo la haki, maana anayevuna ujuzi ni yeye. Ila kwa miaka mingi mgawanyo ulikuwa hivi: theluthi moja ya tozo kwenda kwenye mfuko wa VETA, theluthi mbili kubaki Hazina kwa matumizi mengine. Mengine yale yanaweza kuwa mema kabisa, lakini jina lililoandikwa kwenye risiti ya tozo ni ufundi stadi.

Kuhusu kiwango, Serikali imesikia, tuiseme kweli. Tozo ilikuwa asilimia 6. Mwaka 2013 ikashuka hadi 5, mwaka 2016 hadi 4.5, na tangu 2023 ni 3.5. Chama cha Waajiri Tanzania na wenye viwanda wamekuwa wakilipigia kelele jambo hili bajeti baada ya bajeti, na bado wanataka ishuke zaidi. Sisi wadogo tunawaunga mkono. Lakini kwa mwenye watu tisa, shida haiko kwenye asilimia. Iko kwenye ukuta uliosimama kati ya tisa na kumi. Hata tozo ikishuka hadi asilimia 2, mtu wa kumi bado ataingia na bili ya watu kumi.

Kwenye kikao chetu wengine walitaka tuombe kitu chepesi: sheria ianze kuwagusa wenye wafanyakazi ishirini. Nilipinga, na nashukuru wengi walikubaliana nami baada ya mabishano ya chai mbili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, tozo ikatoka kwa wenye wafanyakazi wanne na kuendelea, ikaanzia kwa wenye kumi. Tulishangilia. Waliokuwa wamekwama kwenye watatu wakapata nafuu, wakakua, na leo tumejazana kwenye tisa. Tukiusogeza ukuta hadi ishirini, tutakutana tena hapo, sote tukiwa na watu kumi na tisa.

Tunachoomba ni hiki: tisa wa kwanza wasihesabiwe kwa mwajiri yeyote, mdogo kwa mkubwa, na tozo ianze kwa mtu wa kumi kwa mshahara wake peke yake, kisha wa kumi na moja, na kuendelea. Kwa mfano wangu, binti angeingia na SDL ya 14,000 badala ya 140,000. Hiyo ningeilipa bila kukesha.

Sisemi Hazina haitapoteza kitu. Kwa mishahara ya mfano wetu, kila mwajiri anayelipa leo atabakiwa na shilingi 126,000 kwa mwezi. Kwa mwenye watu mia tano hizo ni tone. Kwa mwenye watu kumi na wawili, anayelipa 168,000 sasa, zitambakisha na 42,000 za kulipa, na tofauti yake ni karibu theluthi ya mshahara wa fundi. Upande wa pili wa mizani tuwaweke wote waliokwama kwenye tisa ambao leo SDL yao ni sifuri. Wakianza kuajiri wa kumi na wa kumi na moja, hawa nao wataanza kulipa.

Anayedhani tunaota atazame nchi nyingine. Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kama tozo ya mafunzo ya viwandani. Afrika Kusini tozo yenye jina kama la SDL yetu ni asilimia 1 ya mishahara.

Sasa niseme la nyumbani kwetu, ambalo baadhi ya wanachama waliniomba nisiliandike. Wapo kati yetu wanaoandika tisa na kulipa kumi na wanne. Wale watano wanaitwa vibarua, ingawa wanaingia getini saa moja na nusu asubuhi kila siku kwa mwaka wa nne sasa. Hawana NSSF, hawana mfuko wa fidia, na siku mashine ikimla mmoja wao tunachangishana nauli ya kumrudisha kwao Mahenge. Najua ukuta wa tisa ndio uliozaa mchezo huu. Lakini tukienda Dodoma na uongo huu mfukoni, afisa wa kwanza atakayefungua daftari atatumaliza, na atakuwa na haki. Kwa hiyo umoja wetu umeamua kwamba atakayetia saini ombi hili awe amewaandikisha watu wake wote NSSF kwanza. Wawili wamejitoa. Waende salama.

Ndugu wafanyakazi, hili si shauri la matajiri. SDL ni mzigo wa mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wako, na hatuombi ikatwe. Lakini inatoka kwenye kapu lilelile inakotoka nyongeza yako, na kwa kuwa ni asilimia ya mishahara, nikikupandishia mshahara nayo inapanda. Njooni mseme hilo kwa midomo yenu. Sauti ya bosi peke yake mbele ya kamati husikika kama kilio cha mtu aliyeshiba. Na ninyi wazazi, njooni na hao vijana wenye vyeti. Hakuna takwimu nitakayoisoma itakayomfikia mbunge kama kijana aliyesimama mbele yake akimwambia amefuzu uchomeleaji na anauza vocha Msamvu.

Ratiba ya nchi inajulikana. Hotuba ya bajeti husomwa Dodoma katikati ya Juni, Kamati ya Bunge ya Bajeti huita wadau watoe maoni juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha, na Julai mosi sheria inaanza kufanya kazi. Muda kati ya wito na kikao huwa mfupi mno. Anayeanza kuandika baada ya kuitwa amechelewa. Ndiyo maana Wizara ya Fedha tunaipelekea mapendekezo yetu mapema, na mbunge wetu tunataka ayasome kabla hajafunga mizigo.

Kila mwenye karakana, kiwanda cha mikate, nyumba ya wageni au mashine ya kukoboa alete nakala ya orodha ya mishahara ya miezi mitatu, majina yakiwa yamefutwa, na karatasi moja inayosema ana watu wangapi na angeajiri wangapi ukuta ukiondoka. Andika idadi unayoweza kuitetea ukiulizwa. Mimi nimeandika wawili. Namba ya simu ya yule binti bado ninayo, ingawa sijui kama atapokea.

Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi daftari la saini litakuwa mezani karakanani kwangu. Kalamu mje nazo, maana zile za kikao kilichopita hazikurudi hata moja.