Mkaa wa magunzi hauna moshi, lakini usilale nao

Baridi ya Juni na Julai hapa Arusha haina huruma. Mama mmoja wa Moshono ameniandikia kwamba amenunua mkaa mbadala wa mabaki ya mazao. Muuzaji amemwambia kwamba kwa kuwa hautoi moshi, anaweza kuingiza jiko chumbani watoto wakalala na joto. Anauliza kama ni kweli.

Mama, hapana. Naomba jiko hilo lilale nje kuanzia leo.

Mkaa wenyewe hauna ubaya. Mabua tunawapa ng'ombe, lakini magunzi na maganda ya kahawa mara nyingi hutupwa au huchomwa bure. Mabaki hayo yakikauka huchomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo mpaka yawe mkaa. Kisha hupondwa, huchanganywa na uji wa muhogo ili yashikane, hushindiliwa na kuanikwa juani. Kila gunia linalotumika badala ya mkaa wa miti huipumzisha miti. Serikali nayo imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Ziko pia peleti. Hizi hazichomwi kwanza: mabaki husagwa na kukandamizwa kwa mashine yawe vijiti vidogo. Zinataka jiko lake maalumu, mara nyingi lenye feni. Ukizitia kwenye jiko la mkaa la kawaida, zitakutoa machozi.

Unaponunua, uliza umetengenezwa kwa nini. Si kila mkaa mbadala unatokana na mazao. Ule wa Rafiki wa STAMICO, kwa mfano, hutokana na makaa ya mawe. Chagua ulio mkavu na mgumu, maana wenye unyevu huwaka kwa shida na kutoa moshi.

Sasa turudi chumbani. Moshi tunauona, tunakohoa, tunafungua dirisha. Lakini mkaa wowote, wa mti au wa magunzi, ukiungua hutoa pia gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hukaa mahali pa oksijeni, na aliyelala anaweza asiamke. Kutokuona moshi si dalili ya usalama.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, pikia nje au jikoni penye madirisha wazi. Ukimaliza, usiingize makaa ndani hata kama yamebaki kidogo na yana majivu juu. Hayo bado yanatoa gesi. Watoto waongezee blanketi, soksi na sweta. Ukitumia chupa ya maji ya moto kupasha kitanda, itoe kabla mtoto hajalala.

Mkiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, wanasikia kizunguzungu, kichefuchefu au miguu kulegea, na jiko limo ndani, msisubiri. Fungueni milango, tokeni wote, kisha nendeni hospitali hata kama mmepata nafuu. Mwambieni daktari kwamba kulikuwa na jiko chumbani.

Mama wa Moshono, mkaa wako endelea kuutumia. Upikie makande, uchemshie watoto maji ya kuoga. Usiku ukifika, chumbani liingie blanketi, jiko libaki nje.