Mchuma Chai Hana Jina Daftarini

Siku ya mauzo ikifika, pita Nyamache, huku kwetu Ugusii, uketi kando ya kituo cha kununulia majani chai. Utawaona akina mama wakishuka mteremko, vikapu mgongoni, sketi zimelowa umande hadi magotini. Majani humwagwa mezani na kuchambuliwa, magumu yakatupwa kando, mwisho mzani ukatoa hukumu yake. Karani huandika kilo kwa jina la mwenye shamba. Jina la aliyechuma halimo. Yeye yumo kwenye daftari la tajiri wake, kama tajiri huyo ana daftari, na hulipwa kwa kilo.

Mwulize huyo mama yuko chama gani cha wafanyakazi, atacheka. Chama ni cha watu wa Kericho, atakwambia, kule kwenye mashamba ya makampuni. Ukimwambia kuna shirikisho la dunia nzima la vyama vya wafanyakazi wa vyakula na kilimo, lenye makao Geneva, atadhani unamfanyia mzaha.

Si mzaha. Shirikisho hilo, IUF kwa kifupi, halikuzaliwa na wakubwa. Mwaka 1920 mjini Zurich, waokaji mikate, wapika bia na wachinjaji, ambao awali kila kundi lilikuwa na umoja wake, waliamua kuwa kitu kimoja. Vita Kuu vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, na wengi wa wenzao walikuwa wametoka kupigana wao kwa wao mahandakini. Wafanyakazi wa tumbaku waliingia mwaka 1958 na wa mahoteli mwaka 1961. Wale wa mashamba makubwa walikuwa na shirikisho lao tangu 1959, wakajiunga na IUF mwaka 1994. Chama cha mashambani cha hapa Kenya, KPAWU, kilichoundwa mwaka wa madaraka, 1963, kimo humo.

Faida yake nini? Sikiliza habari ya Khanewal, Pakistan, kwenye kiwanda cha chai cha Lipton, mali ya Unilever wakati huo. Wafanyakazi wa kudumu walikuwa 22 tu. Mamia ya wengine walikuwa vibarua wa mawakala, wakipakia chai ileile miaka nenda miaka rudi bila kuhesabiwa kuwa ni wa kiwanda. Walipodai haki yao, IUF iliipeleka kesi yao nje ya Pakistan: vyama vya nchi nyingine vikapaza sauti, malalamiko yakafikishwa Uingereza, nchi yenye makao ya kampuni. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kuongeza nafasi 200 za kudumu. Hazikuwatosha wote, nakiri. Lakini vibarua 200 waliopata ajira ya kudumu si habari ndogo kwa mtu yeyote anayeijua chai.

Sisi Abagusii tuna maneno mawili ambayo wazee wetu hawakuyachanganya. Risaga ni kualika majirani kulima, nao huja kwa sababu pombe ipo. Egesangio ni watu wachache wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na asiyetokea zamu yake hukuta shamba lake limebaki na magugu. Vyama vyetu viliwahi kugeuzwa risaga. Shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi duniani liligawanyika mwaka 1949, Magharibi huku na wakomunisti kule, na kila upande ukaja Afrika na mtungi wake. Hapa Kenya, shirikisho la Tom Mboya lilisaidiwa na upande wa Magharibi, wapinzani wake wakatafuta wafadhili kwingine, na ugomvi ukafika mahali pa wafanyakazi kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1965 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote viwili na kuunda shirikisho moja, COTU. Ndiyo maana nasema shirikisho ni la maana pale tu mwanachama anapolipa ada yake mwenyewe, hata kama ni ndogo.

Mwenye shamba ataniuliza: na mimi je, bei yangu inaamuliwa kwenye mnada wa Mombasa, nikimwongezea mchumaji nitakula nini? Swali la haki. Mwenye robo ekari si kampuni, wala sitaki agombane na jirani yake. Lakini yeye ana kura ya kuchagua wakurugenzi wa kiwanda, ana bonasi, ana namba ya mkulima. Mchumaji hana hata kimoja kati ya hivyo, ijapokuwa ibara ya 41 ya Katiba yetu inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Nao viongozi wa vyama waache kungoja mashamba ya makampuni ndiyo yawaletee wanachama, ambako watu elfu hukusanywa asubuhi moja. Huku kwetu itabidi wapande milima na kwenda boma kwa boma. Ni kazi ngumu, na ndiyo maana haijafanywa.

Nawe mwenye shamba wa Nyamache, kabla bonasi ya mwaka huu haijaingia, nunua daftari la shule, andika jina la anayekuchumia, tarehe na kilo zake, kisha mwache aweke sahihi yake.