MLANGO WA GARI HAUSHIKWI KWA KIJITI



Asubuhi simama pale steji ya Ukunda, utazame matatu zinazopakia kwenda Likoni na Msambweni. Nyuma ya gari utamwona makanga ameinama anapanga magunia, na juu ya kichwa chake mlango mzima umeegemezwa kwa kijiti. Zamani tulicheka. Hatucheki tena tangu mwenzetu mmoja, dereva wa gari la wageni hapa Diani, alipoangukiwa na mlango wa namna hiyo akakatika ncha za vidole viwili. Tajiri wake alimwambia kosa ni lake, hakushika vizuri.

Sisi twasema kosa ni la yule aliyejua kwamba springi za gesi zimekufa asinunue nyingine.

Springi hiyo ni bomba jembamba la chuma, ndani mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa na mafuta kidogo. Gesi husukuma fimbo nje, mlango ukainuka. Mafuta huuzuia usiruke kwa ghafula. Adui yake huku pwani ni chumvi. Fimbo ikishika kutu huukwaruza mpira unaoziba gesi, nayo huvuja polepole hata siku moja mlango haukai. Basi fimbo ifutwe kwa kitambaa safi, isipakwe rangi, na mlango ukiwa umefungwa fimbo itazame chini ili mafuta yaufikie ule mpira.

Kununua nako kuna hesabu. Kwenye bomba huandikwa nambari na herufi N, yaani nyutoni; nyutoni 10 ni karibu uzito wa kilo 1. Lakini kifuniko cha kilo 30 hakitoshwi na nyutoni 300. Chukua kifuniko cha shimo la pampu kando ya bwawa la hoteli, urefu mita 1. Uzito wake uko katikati, sentimita 50 kutoka bawaba. Ikiwa springi zinasukuma sentimita 20 tu kutoka bawaba, zatakiwa nyutoni 750 kwa jumla. Nunua mbili za 400. Ukizidisha mno, kifuniko hakifungiki na bawaba hupinda. Tena zibadilishwe zote mbili pamoja, maana mpya na kuukuu hupindisha mlango.

Iliyokufa isikatwe kwa msumeno wala isitupwe motoni, hata kama fundi asema imeisha. Gesi iliyobaki yaweza kuirusha fimbo kama risasi.

Matajiri husema vitu ni ghali. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke vyombo visivyo na hatari. Na mfanya kazi akiripoti hatari kubwa, halazimishwi kurudi mahali pale kabla haijaondolewa. Na sisi tuna lawama yetu, tuseme kweli. Anayekwenda kutafuta kijiti humfichia tajiri kasoro yake, na gari hutembea mwaka mzima hivyo hivyo.

Katika mkutano ujao wa tawi tutaliweka jambo hili mezani. Kila mmoja aje na hesabu ya milango na vifuniko vinavyoshikwa kwa mti kazini kwake, na nambari iliyoandikwa kwenye springi, kama bado yasomeka.