Mchovya Asali Ajue Kuacha

Wahenga walisema, mchovya asali hachovi mara moja. Nakubaliana nao, lakini naongeza: ajue pia kuacha.

Kwetu Kitui babu ana mizinga ya magogo iliyoning'inizwa mitini. Likizo moja ya Agosti nilimshawishi turine asali yote, tukwangue mpaka sega la mwisho, maana nilikuwa nadaiwa karo. Babu alisita, kisha akanihurumia. Karo ikapatikana. Niliporudi nyumbani Novemba, mvua imenyesha na migunga imechanua, nilikuta mizinga mitatu mitupu, imejaa utando wa buibui.

"Umeona, mjukuu wangu?" babu akasema. "Maua tunayo, wa kuyafuata hatuna."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kipindi kigumu kwa nyuki ni mwisho wa kiangazi. Akiba imepungua, maua ni haba, na malkia akianza kutaga kwa wingi, vinywa vya kulishwa huongezeka. Hata Ulaya, kuna makundi yanayostahimili baridi kali kisha yakafa njaa majira ya kuchipua yakibisha hodi. Nyuki wetu wa Afrika nao ni wepesi wa kuhama: shida ikizidi, huondoka wote na malkia wao.

Najua wapo watakaoniuliza, "Kwani tunafuga nyuki ili wajilie asali wenyewe?" La hasha! Lakini nani humkamua ng'ombe mpaka ndama akafa?

Basi maoni yangu ni haya. Mizinga ya shule yetu isikwanguliwe eti kwa sababu tunafunga shule Agosti. Tuachie kila mzinga masega kadhaa ya asali, na yale yenye majana tusiyaguse kabisa. Tuweke beseni la maji lenye vijiti, nyuki wanywe bila kuzama. Tupake grisi kwenye nyaya za kuning'inizia ili siafu wasipite. Masega makuukuu yasiyo na nyuki tuyatoe kabla viwavi wa nondo hawajayavamia.

Kazi hii haihitaji pesa nyingi, yahitaji moyo tu. Mimi nililipa karo ya muhula mmoja kwa mizinga mitatu. Ghali, sivyo? Ndugu msomaji, ukitaka asali ya mwakani, waachie nyuki ya mwaka huu.