Shilingi ya kerezo isiliwe

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza na familia za Kiislamu juu ya akiba ya kijana fundi. Tumchukue kijana wa Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, aliyejifunza useremala na sasa anataka kuwa mkereza. Mkereza huchonga mti ukiwa unazunguka. Kipande hushikwa ncha zote mbili katika mashine iitwayo kerezo, kikazungushwa, naye akakiegemezea patasi mpaka kikawa mguu wa kitanda, nguzo ya ngazi au mchi. Kijana huyu ana mikono, lakini kerezo hana. Huomba kutumia la wenzake, na msimu wa vitunguu ukifika hubeba magunia kando ya barabara kuu ili apate cha kuweka.

Akiba hiyo ina maadui wengi, na wa kwanza wamo nyumbani. Ikifahamika tu kwamba fulani ana fedha, mara inatakiwa michango ya arusi, sare za shughuli, au nauli ya kwenda kumtunza biarusi mjini. Akisita huitwa bahili. Akitoa, huambiwa kwamba mashine atanunua mwakani, na mwakani huja na arusi nyingine. Kijana akichoka kungoja, huenda kwa mkopeshaji wa riba. Kazi ya mwanzo haina wateja wa kutosha, marejesho hayangoji, na mwisho mashine hubebwa mbele ya macho yake. Amepoteza akiba na kerezo, na juu ya hayo ameingia katika jambo ambalo Qur'ani Tukufu imelitolea onyo zito katika Sura ya Al-Baqara, kuanzia aya ya 275.

Dini yetu haikuliacha suala hili bila mwongozo. Katika Sunan za Abu Daud imepokewa kwa Anas bin Malik (r.a.) habari ya mtu wa Madina aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Akaulizwa ana nini nyumbani, ikaonekana ana nguo ya kujifunika na chombo cha kunywea. Vikanadiwa kwa dirhamu mbili. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza kununua chakula cha watu wake kwa dirhamu moja, na kwa ya pili anunue shoka. Akampachikia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma kutafuta kuni. Baada ya siku kumi na tano mtu yule akarudi akiwa na dirhamu kumi.

Tuutazame mgawanyo ule. Familia ilipata haki yake kwanza, na haki hiyo ilikuwa chakula. Dirhamu ya pili ilikuwa ya shoka, na hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo hatusemi kwamba kijana awanyime wazazi chakula au dawa kwa sababu ya kerezo, kwani hilo ni wajibu. Tunasema kwamba sare ya shughuli si chakula, na fedha ya zana isigeuzwe mfuko wa sherehe.

Kijana naye ana wajibu wake. Ajue kwamba kerezo peke yake halitoshi, kwani patasi, jiwe la kunolea, mota na miwani ya kukinga macho vyote vina bei. Asimalize akiba yote kwenye mashine akabaki na patasi butu. Asikereze amevaa kanzu wala mikono mirefu ya shati, kwa kuwa nguo ikinaswa humvuta mtu. Wakati anaweka akiba, anaweza kujitengenezea kerezo la kukanyaga kwa mguu. Kamba huzungushwa kwenye mti unaokerezwa, juu ikafungwa kwenye ufito unaonesa, chini kwenye kanyagio. Ni kazi ya polepole, lakini mkono hujifunza. Msonobari, unaopandwa kwa wingi Sao Hill wilayani Mufindi, ni laini, na mabaki yake yanatosha kujifunzia kabla ya kugusa mninga wa mteja.

Njia zisizo na riba zipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973, hushauri mafundi wadogo kuhusu mashine. Msikitini nako, mwenye uwezo anaweza kutoa karadha njema, au akanunua kerezo kwa ushirika na kijana, wakagawana faida kwa mapatano yaliyoandikwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, wameeleza kwamba fundi masikini anaweza kupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana za kazi yake. Ni mara ngapi kamati zetu zimelifikiria hilo, badala ya kumpa masikini yule yule kilo mbili za mchele kila mwaka?

Rai yetu kwa wazazi ni kwamba akiba hiyo iwe amana. Mama aitunze, au iwekwe benki katika akaunti isiyo na riba, na baba awe wa kwanza kuwaambia jamaa kwamba fedha ile ina kazi yake. Wahenga wamesema hata mbuyu ulianza kama mchicha, na watu wa Ruaha Mbuyuni hawahitaji kuelezwa mbuyu unafika wapi. Lakini mchicha ukichumwa kila jioni kwa kitoweo, haufiki popote.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabariki vijana wetu katika kazi za mikono yao, na azitosheleze nyumba zetu kwa halali. Amin.