Stamford Bridge haukuanza na Chelsea

Mashabiki wa Chelsea, msininunie. Kuna maneno yanayorudiwa vijiweni kuhusu uwanja wenu, na mengi hayana miguu.

Kwamba ulijengwa kwa ajili ya soka, hapana. Ulifunguliwa mwaka 1877 na klabu ya riadha ya London, miaka 28 kabla Chelsea haijazaliwa. Na kuanzia 1909 hadi 1931, ukiacha miaka ya vita, ndipo chama cha riadha cha AAA kilipoendeshea mashindano yake ya ubingwa wa taifa.

Taifa, ndiyo, lakini nani kakwambia walikimbia Waingereza watupu? Katika ubingwa huo huo, hata kabla ya 1909, Arthur Duffey, Mmarekani, alitwaa yadi 100 mara nne mfululizo, 1900 hadi 1903. Mwaka 1908 Bobby Kerr wa Kanada alizoa yadi 100 na 220.

Eti riadha ilikuwa mchezo wa mabwana. Hapo pana chembe ya ukweli. Zamani mafundi na vibarua walizuiwa, mpaka AAA ilipoundwa mwaka 1880 na kulitupa sharti hilo. Alfred Shrubb, kijana wa kazi za ujenzi kutoka Sussex, akatwaa maili 4 na maili 10 kila mwaka kuanzia 1901 hadi 1904. Mwaka 1905 akafungiwa maisha kwa kupokea pesa. Kibarua aliruhusiwa kukimbia, ila si kula jasho lake.

Wanawake hawakupenda riadha? Hawakuruhusiwa. Waliunda chama chao 1922, na mwaka uliofuata wakawa na ubingwa wao.

Linaloniudhi zaidi ni hili la kusema wakimbiaji wa enzi hizo walikuwa wazito. Mkimbiaji alichimba mwenyewe vishimo viwili vya kukanyagia wakati wa kuanza mbio, kwa mwiko mdogo, kwenye njia ya majivu ya makaa. Muda ulipimwa kwa saa ya kushikwa mkononi. Sasa mtazame Harry Edward, mtu mweusi aliyekaa miaka ya vita kizuizini Ujerumani, kambi ya Ruhleben. Mwaka 1920 aliipatia Uingereza medali mbili za shaba kwenye Olimpiki ya Antwerp. Mwaka 1922, hapo hapo Stamford Bridge, alishinda yadi 100, 220 na 440 alasiri moja, zote ndani ya takriban saa moja.

Anayemwita huyo mzito, naye akajaribu.