Ahadi ya Taifa na tanuru la kijijini

MSIMU wa kiangazi ndio msimu wa kujenga. Mkulima akishauza mahindi au mpunga, hulipa ada za watoto na kinachobaki hukielekeza kwenye nyumba. Ndiyo maana baada ya mavuno, ukipita vijiji vya Iringa, Mbeya au Morogoro, hukosi kuona matanuru ya matofali yakifuka moshi.

Hatuna ugomvi na nyumba bora. Kutoka kwenye nyumba ya miti na nyasi na kuingia kwenye ya matofali na bati ni maendeleo. Tatizo ni kinacholishwa tanuru. Matofali yale hayaivi kwa vijiti, bali kwa magogo yanayowaka usiku na mchana. Magogo hayo hutoka mashambani, kwenye misitu ya vijiji na kandokando ya mito. Hewa ukaa iliyohifadhiwa kwenye mti kwa miaka mingi hurudi angani kwa siku chache, na mti wa kuinyonya tena haupo.

Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua. Ahadi hiyo husikika zaidi kwenye kumbi za mikutano. Sisi tunasema haiwezi kutimia iwapo tanuru la kijijini litasahauliwa. Na wa kwanza kuumia ni mkulima mwenyewe, kwa kuwa miti ya chanzo cha maji ikiisha, bustani yake ya nyanya haiponi.

Njia nyingine ipo, tena si ngeni. Matofali ya kufungamana yalifanyiwa utafiti na kutangazwa kwa miaka mingi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA). Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali huwekwa kivulini na kumwagiliwa maji hadi likomae. Hakuna kuni. Na kwa kuwa matofali hayo hushikana yenyewe, saruji ya kujengea nayo hupungua.

Tusidanganyane, yana masharti yake. Kiwanda cha saruji nacho hutoa hewa ukaa nyingi, hivyo faida ipo pale saruji inapotumika kwa kipimo. Udongo mweusi wa mbuga haufai, kwani hupasuka ukikauka. Lazima udongo upimwe kwanza.

Kwa nini basi hayajaenea? Mashine ni ghali kwa mtu mmoja, na mfyatuaji hana hakika ya mteja. Hapo ndipo Serikali inapohusika, maana ndiyo mjenzi mkubwa vijijini. Darasa au zahanati ikijengwa, wananchi huombwa kuchangia matofali, nao hupeleka ya kuchoma kwa sababu ndiyo waliyozoea.

Tunashauri wahandisi wa halmashauri waandike kwenye makadirio ya majengo hayo kwamba, pale udongo unaporuhusu, yatumike matofali yasiyochomwa. Soko litakuwa limepatikana siku hiyo hiyo. Pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inunue mashine, na vijana wanaoishi kwa kazi ya tanuru wawe wa kwanza kufikiriwa. Kumpiga faini mchoma matofali bila kumwonyesha kazi nyingine ni kumfukuza aende kuchoma usiku.

Mahali ambapo bado hakuna njia ila kuchoma, pumba za mpunga zitumike badala ya magogo, kama wafanyavyo baadhi ya wafyatuaji wa maeneo ya mpunga.

Kwako msomaji unayepanga kujenga mwaka huu, kabla hujakata mti, peleka udongo wako kwa fundi anayeyajua matofali haya. Usilinganishe bei ya tofali moja moja, bali gharama ya ukuta mzima, pamoja na kuni na saruji yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunauona kila kiangazi, nao unafuka moshi.